Jinsi ya kuwapeleka wanafunzi kwenye miamba ya pwani Tanga na kurudi nao wote

Kama unafundisha hapa Tanga na unataka kuwatoa watoto darasani siku moja waende miambani, watembee, wapande mawe, waone viumbe wa baharini na mchana waoge kidogo, basi kitu cha kwanza kushika sio bajeti wala gari, ni mwezi, huu wa angani, kwa sababu ndo unaoendesha maji kujaa na kupwa. Shika kalenda ya mwezi kwanza. Ratiba nyingi nilizoziona zimeandikwa ofisini, saa 2 kuondoka, saa 4 kufika, saa 7 chakula, na aliyeandika hajajiuliza hata kidogo saa hizo maji yatakuwa wapi, na ratiba ya namna hiyo ni ya hatari hata kama una walimu kumi.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza na klabu ya mazingira nilikuwa na watoto 34 wa darasa la sita. Gari la kukodi lilichelewa, maji yalikuwa yanakupwa kabisa saa 4 na nusu asubuhi na sisi tumefika saa 6 mchana. Watoto wameshachangia hela, wamefurahi, nikaona aibu kuwaambia ile pua ya mwamba tuliyopanga kuizunguka hatuendi tena, tukaenda. Tukapita pakavu kabisa, tukakaa upande wa pili kama dakika 40 tunaangalia kaa, na tuliporudi pale tulipopita pamekuwa mfereji, maji yananifika mimi kiunoni na yanavuta. Aliyetuokoa ni bi mmoja aliyekuwa anarudi kuchokoa pweza. Alinifokea kwanza, "Mwalimu, watoto wa watu hawa, maji yashajaa wewe huoni?", halafu akatuonyesha sehemu ya kupanda juu ya mwamba, tukawapandisha mtoto mmoja mmoja kwa kumvuta mkono, magoti yao yamechanwa na chaza. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko ila wiki nzima sikulala vizuri, na tangu hapo ratiba yangu inaanzia kwenye maji, mambo mengine yote yanafuata.

Sasa maji yenyewe yanavyofanya kazi. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa 6 na dakika chache hivi, na kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Wazee wa pwani wanahesabu kwa tarehe za Kiislamu na ni njia nzuri sana ya kukumbuka, siku tatu nne za mwanzo wa mwezi na kuanzia tarehe 15 mpaka 17 au 18 ni bamvu, tarehe 8, 9 na 22, 23 ni maji mafu. Kama kalenda hiyo huna nyumbani, muulize mtu yeyote msikitini au mvuvi yeyote, atakuambia leo ni tarehe ngapi bila kufikiri.

Na sisi watu wa huku tumebahatika, siku za bamvu maji yanakupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, ndo muda hasa unaoutaka na watoto wa shule, jua halijawa kali na mwamba wote uko wazi. Siku za maji mafu ni kinyume, saa 4 asubuhi bahari imejaa na mawe unayotaka kuwaonyesha yako chini ya maji. Kwa hiyo mkuu wa shule akikuambia "nendeni Ijumaa ya wiki ijayo" usikubali haraka, angalia kwanza Ijumaa hiyo mwezi uko wapi. Halafu hakikisha kwenye jedwali la maji, lipo kwenye intaneti na kwenye programu za simu, lakini soma vizuri, liwe la Tanga, liwe la tarehe ileile, na uangalie saa imeandikwa kwa mtindo gani, maana 10:30 ya kwenye jedwali ni saa 4 na nusu yetu, nimeshaona mtu akiisoma kama saa 10 na nusu ya jioni.

Kitu ambacho walimu wengi hawakijui, na mimi sikukijua, ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti yote ya maji uigawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvu la mita 3 ina maana saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, unaona kama bahari imelala, unasema bado bado. Saa ya pili inaongeza sentimita 50, saa ya tatu sentimita 75. Saa tatu zikitimia maji yamepanda mita moja na nusu, yanamfunika mtoto wa darasa la tano. Ule utulivu wa saa ya kwanza ndo unaowaponza watu. Hesabu hii wape watoto waifanye wenyewe darasani kabla ya safari, ni somo la sehemu zuri kuliko lile la kugawa machungwa, na siku ya safari watakuwa wanajua kwa nini unawahimiza.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii. Tunaingia mwambani saa mbili kabla ya kupwa, tukifuata maji yakiwa yanashuka. Muda wa kupwa wenyewe ukifika tunageuka, hata kama mtu ameona pweza. Ndani ya saa moja baada ya hapo kila mtu yuko mchangani, amehesabiwa. Gari likichelewa, kinachopunguzwa ni matembezi, muda wa kugeuka hausogezwi. Likichelewa sana, mwambani hatuendi kabisa, tunakaa mchangani na tunacheza, na nimeshafanya hivyo mara mbili, watoto walinuna kama robo saa wakasahau.

Kuhusu msimu, Juni mpaka Agosti kusi linavuma na mawimbi yanapiga upande wa nje vibaya, masika maji yanakuwa machafu na mwamba unateleza, mimi napenda mwisho wa Septemba mpaka Novemba, bahari imetulia, ila madarasa ya mitihani waache. Februari pia inafaa ila joto ni kali. Siku mbili kabla sikiliza utabiri wa TMA, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ahirisha, usianze kubishana na utabiri kwa kuangalia anga la shuleni kwako.

Mahali pa kwenda. Raskazone ni karibu na mjini na hospitali ya mkoa, Bombo, iko upande huohuo, kwa safari ya kwanza ya kujaribu naona inafaa. Ukitaka nafasi zaidi shika barabara ya Pangani, kusini kuelekea Tongoni na Kigombe, kuna fukwe, mikoko na mwamba. Popote utakapochagua, nenda kwanza wewe mwenyewe siku ya bamvu kama hiyohiyo, wiki mbili kabla ndo inaangukia sawasawa, na ukae kuanzia maji yanapokupwa mpaka yafike nusu ya kujaa. Usiende ukapiga picha ukaondoka. Kaa uone ni wapi panafunikwa kwanza. Mara nyingi sio mbele kwenye bahari, ni nyuma yako, kwenye vile vifereji vya chini kati ya mwamba na ufukwe, maji yanazunguka na kukukata ukiwa bado umesimama pakavu. Weka alama akilini, jiwe fulani, mti fulani, likiloa chini ujue muda umeisha.

Angalia pia ukuta wa mwamba. Mwamba wetu huu ni matumbawe ya kale, yalikuwa hai zamani sana bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, ukiangalia kwa karibu bado unaona maumbo ya matumbawe ndani ya jiwe, waonyeshe watoto, wanashangaa sana kwamba wamesimama juu ya kitu kilichokuwa kiumbe. Lakini mawimbi na wadudu wameula kwa chini, sehemu ya juu imebaki kama kibaraza kinachoning'inia. Chini ya kibaraza hicho hakuna kukaa kivuli, hakuna kula, hakuna picha. Vinadondoka. Na maji yakikukuta hapo huna pa kupandia kwa sababu ukuta unakuegemea.

Ukiwa hukohuko kutafuta njia, pita kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na kwa watu wa BMU, wale wanaosimamia ufukwe na uvuvi. Sio kwa ajili ya barua tu. Unatafuta mtu mzima mmoja anayeijua ile sehemu ya mwamba kama anavyojua uani kwake, mvuvi mzee au mama anayechokoa pweza, na umlipe vizuri kwa siku yake, aje atembee na nyie. Siku hiyo yeye ndo mwenye neno la mwisho kuhusu maji. Akisema tutoke, tunatoka, hata kama jedwali la simu linasema bado nusu saa. Wafundishe watoto wamwamkie vizuri, shikamoo Mzee, shikamoo Bi, na wamsikilize kama wanavyomsikiliza mkuu wa shule.

Eneo kubwa la pwani hii liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo ulizia mapema ofisi yao kuhusu kibali na ada. Na watoto waelezee jina hilo limetoka wapi. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, na miaka ya 2000 wavuvi wetu wa huku, pamoja na wa Kigombe, wakaanza kumpata kwenye nyavu za kina kirefu. Hutamuona mwambani, anakaa chini sana, lakini mtoto wa Tanga kumaliza shule bila kumjua sio sawa.

Vibali vya shule na fomu za wazazi mnazijua, sirudii, ila kwenye fomu weka maswali matatu ambayo huwa yanasahaulika: mtoto anajua kuogelea au hajui, ana pumu au kifafa au mzio wowote, na namba ya simu ya mtu wa pili kama mzazi hapatikani. Mzazi akiandika hajui kuogelea, hilo jina unalishika wewe kichwani.

Watu wazima, mimi sikubali zaidi ya watoto 8 kwa mtu mzima mmoja kwenye mwamba, na kwenye kuoga watoto 4. Kama walimu hawatoshi waombe wazazi, vijana wa skauti, au punguza watoto wafanye safari mbili. Kila mtoto anapewa namba na mwenzake wa siku, hao wawili hawaachani hata chooni. Kuhesabu kunafanyika kwa namba kupigwa kelele, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, na tunahesabu tukishuka kwenye gari, tukiingia mwambani, tukigeuka, tukitoka, kabla na baada ya kuoga, na tukipanda gari. Inachosha lakini unazoea.

Viatu ndo ugomvi mkubwa na wazazi. Ndala hazifai hata kidogo, zinachomoka na mwamba wetu ni wembe mtupu. Raba zilizochoka zenye kamba ndo bora, au yale makubazi ya plastiki yenye mkanda nyuma yanayobana mguu. Asiye na kiatu kinachobana anakaa kikundi cha mchangani na yule mwalimu wa mchangani apewe kazi nzuri kweli wasione wametengwa. Zaidi ya hapo ni suruali au kaptula ndefu, tisheti ya mikono, kofia, nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki, na maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtoto, pamoja na dumu la lita 20 la ziada kwenye gari. Chakula kiwe cha mkono, chapati, maandazi, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, na machungwa ya Muheza ambayo baada ya chumvi ya baharini hakuna kinachoyazidi.

Vya kikundi ni hivi. Filimbi kwa kila mtu mzima, mlio mmoja mrefu simameni, mitatu mifupi rudini kwa mwalimu. Kamba ya nailoni ya mita 20 na dumu la lita 5 lililofungwa mwishoni mwake, lina maji kidogo ndani ili lirushike, mfuniko umekazwa, hicho ndo kifaa chako cha kumwokoa mtu bila kuingia majini. Laifu jaketi kwa wale wa kuoga kama mnaweza kuazima. Sanduku la huduma ya kwanza lenye glovu, bandeji pana, sabuni, kibano cha kutolea miba, na pakiti za ORS. Simu mbili za mitandao tofauti zenye chaji, ndani ya mfuko usioingia maji, zenye namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Na chupa mbili za chai zimejaa maji ya moto. Hayo maji ya moto sio ya chai, nitayaeleza chini.

Siku yenyewe, tuseme maji yanakupwa saa 4 na nusu. Tunaondoka shuleni saa 1 asubuhi, saa 2 na nusu tuko mwambani. Kabla mtu hajagusa jiwe nawakalisha chini dakika kumi nawaambia mambo machache tu kwa sababu mengi hawashiki: tunatembea hatukimbii, jicho likiangalia mbali mguu umesimama, hatuipi bahari mgongo, hatuingizi mkono kwenye tundu tusiloliona ndani, tunaangalia kwa macho. Halafu namuuliza mmoja mmoja ayarudie.

Mwendo ni Mzee mbele, mwalimu mwenye kamba mwisho, watoto kati. Pakavu panapong'aa rangi ya kijani pana utelezi, pale penye chaza pana makali, afadhali ukanyage pale penye rangi ya kijivu na vinundu. Kwenye kupanda mawe mimi sizidishi kimo cha bega la mtoto mwenyewe, na nawafundisha mikono miwili na miguu miwili, kimoja tu kinahama kwa wakati, vitatu vimeshika. Anayeogopa halazimishwi. Anayejidai pia anashushwa. Ukitaka wajisikie wamefanya kitu kikubwa usiwapandishe juu zaidi, wape kazi ya kutafuta njia wenyewe, watoto wanne wabishane wapite wapi wafike lile jiwe kule bila kulowa, wewe unatembea pembeni umenyamaza, hapo utawaona watoto ambao darasani hawafungui mdomo wanaongoza wenzao.

Vidimbwi ndo roho ya safari. Maji yakipwa yanaacha mabeseni madogo kwenye mwamba na kila beseni lina watu wake. Mwambie kila jozi wachague kidimbwi kimoja wakae nacho dakika 15 bila kuhama, dakika tano za kwanza watasema hamna kitu, halafu wanaanza kuita. Kuna kaa wadogo wanaohamia kwenye magamba matupu ya konokono, kuna kiti cha pweza, kuna jongoo bahari amelala kama soksi iliyotupwa, kuna visamaki vinavyojificha chini ya kivuli chako, na mwenye bahati anamuona pweza akibadilisha rangi mbele ya macho yake afanane na jiwe. Jiwe likifunuliwa linarudishwa vilevile lilivyokuwa, kilicho chini yake kinakufa kwa jua. Hakuna kubeba chochote, hata kombe tupu, kwa sababu lile tupu ndo nyumba ya kaa wa kesho, na pia ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Mkikuta matumbawe yaliyovunjika vipande vipande, waambie ukweli, pwani yetu imepigwa sana mabomu ya kuvulia samaki na madhara yake yanachukua miaka mingi kupona. Wengine wana ndugu wavuvi, wataongea, waache waongee.

Wa kuogopwa waonyeshe kabla. Wale wenye miba mirefu myeusi kama sindano wanaokaa kwenye nyufa. Konokono mwenye ganda zuri lenye umbo kama pia la kuchezea na michoro, huyo ana mshale wenye sumu inayoweza kuua, haokotwi kabisa. Samaki jiwe, ambaye huwezi kumtofautisha na mwamba, ndo sababu ya viatu. Samaki taa anajifukia mchangani, kwa hiyo kwenye maji ya chini tunaburuza miguu badala ya kunyanyua. Na konyeza, yule laini kama ute mwenye nyuzi, hata aliyekufa ufukweni bado anawasha.

Sasa yale maji ya moto. Mtu akichomwa na samaki jiwe, taa au ile miba mirefu, sumu yao inapunguzwa makali na joto, unachanganya maji mpaka yawe ya moto wa kuvumilika, unapima kwanza kwa kiwiko chako wewe sio cha mtoto kwa sababu kwa maumivu aliyonayo hawezi kupima, halafu mguu unakaa humo nusu saa mpaka saa moja na nusu huku ukiongeza. Mwiba unaoonekana na kutoka kwa urahisi toa kwa kibano, uliozama usiuchokonoe, ni kazi ya hospitali. Samaki jiwe na taa ni hospitali moja kwa moja hata kama maumivu yamepungua, maji ya moto yanaendelea kwenye gari. Aliyechomwa na yule konokono wa pia, funga bandeji pana ya kubana kwenye kiungo chote, asitembee, abebwe, na mwendo ni Bombo bila kusubiri dalili, mwangalie pumzi njia nzima. Konyeza, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano, usisugue mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba. Michubuko ya mwamba inaonekana midogo lakini inaoza haraka, osha palepale kwa sabuni na maji safi mengi.

Saa 4 na nusu filimbi inalia, tunageuka. Saa 5 na nusu wote mchangani, kivulini, tunahesabu, tunakula taratibu. Wakati wa chakula kuna mchezo mmoja ambao kwangu ni somo kuliko yote, kila dakika 15 mtoto mmoja anaenda na Mzee kuweka jiwe kubwa pale maji yalipofikia. Mawe ya kwanza yanakaribiana, halafu yanaanza kuachana, halafu yale ya mwanzo hayaonekani tena. Hapo ndo ile hesabu ya mafungu 12 wanaiona kwa macho, na wanageuka kuangalia kule tulikokuwa asubuhi na kunakuwa kimya.

Hapo pia ndo nawasimulia habari za meli ya Wareno, São Rafael. Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulikuwa unapita huku, na meli hiyo ikakwama usiku kwenye fungu, pale penye kina kifupi, karibu na Mtangata, ambayo ndo Tongoni ya leo, kama kilometa 20 kusini mwa mji. Maji yakapwa ikabaki juu kavu, yakajaa ikaelea tena wakaendelea na safari. Januari 1499 wakati wa kurudi mabaharia wamebaki wachache hawatoshi meli zote, wakaichoma hukohuko. Ukiwa na muda wapitishe Tongoni jioni waone msikiti wa zamani na makaburi ya mawe, yamejengwa kwa matumbawe yaleyale waliyoyakanyaga asubuhi.

Kuoga tunafanya saa 7 na nusu mpaka saa 8 na nusu, maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakijaa yanamsukuma mtu kuja nchi kavu na yakipwa yanamvuta nje. Ni mchangani tu, mbali na mlango wa maji kati ya miamba, mkondo wa hapo kwenye nusu ya kujaa una nguvu sana. Watu wazima wawili wanasimama majini wameshika kamba, hiyo ndo mpaka, kina kisizidi kiuno cha mtoto mfupi kuliko wote, na kamba inarudi nyuma maji yanavyopanda. Wanaingia vikundi, sio wote. Mmoja wenu kazi yake ni kuangalia tu, haogi, hapigi picha, hashiki simu. Mtoto akizidiwa, kwanza mnyooshee fimbo, ikishindikana mrushie dumu lenye kamba, usimrukie, anayezama anamkumbatia mwokoaji wakazama wote. Kama hujawahi kufundishwa kumpa mtu pumzi tafuta mafunzo ya Msalaba Mwekundu kabla ya safari, usisome tu.

Saa 9 tunabadilisha nguo, tunaokota takataka zetu na za wengine tunazoweza kubeba, tunahesabu, tunapanda gari. Nikifika nawatumia wazazi ujumbe kwamba tumerudi wote na wakague nyayo za watoto usiku, mwiba mdogo huwa hausikiki mpaka kesho yake.

Halafu kabla sijaoga nafungua daftari la safari naandika maji yalifanya nini kweli siku hiyo, sio jedwali lilivyosema. La mwaka jana linasomeka: bamvu, tarehe 16, kupwa saa 4 na dakika 40, kifereji cha nyuma ya jiwe lenye shimo kilianza kuingia maji saa 5 na dakika 20, watoto 31, wote mchangani saa 5 na dakika 15.